Utupa Kwenye Maharagwe

Mwanahamisi alikuwa mtu wa kuongea na mimea, na majirani zake pale Kindu walikwisha kuzoea. Lakini asubuhi hiyo hakusema neno. Alichuchumaa kwenye tuta la kwanza, akageuza jani moja la maharagwe, na upande wa chini akakuta chawa weusi wamebanana kuanzia kikonyo hadi ncha. Akageuza la pili, la tatu. Sisimizi walikuwa wakipanda na kushuka kwa raha zao, wakilamba utamu unaowatoka wale chawa.

Maharagwe yale, meupe yenye madoa meusi, ndiyo kitu pekee alichotoka nacho kwao. Alipokuwa msichana, watu wenye bunduki waliingia kijijini mwao upande wa Pangi, naye akaletwa kando ya mto Lualaba amefungwa kamba. Mama yake alikuwa amewahi kumfungia mbegu kiganja kimoja kwenye ncha ya nguo. Mama mwenyewe hakuiona safari ile; alifia palepale kijijini. Waungwana wa mtoni, Waislamu wa pale Kindu, walimpa jina jipya, wakamfundisha kuswali, na baadaye akaolewa na Sudi, mchonga mitumbwi, mtu mpole. Kila msimu alipanda mbegu zile na kubakiza nyingine kibuyuni. Mwaka huu fukusi walitoboa nusu ya mbegu za kibuyuni, kwa hiyo akapanda zote zilizosalia. Shamba likifa, zimekwisha, na hakuna mahali pa kuomba nyingine.

Bi Halima, mama mtu mzima wa pwani aliyelima jirani, alimshauri majivu. "Nyunyiza ya kuni, mwanangu. Kwetu ndivyo tufanyavyo." Akanyunyiza. Mvua ya mchana ikayaosha yote, chawa wakabaki wamenawa vizuri.

Ndipo akaukumbuka utupa. Kiangazi, kwao, wanawake walitwanga majani ya utupa wakayamwaga kwenye kidimbwi, wakangoja samaki waelee wamelewa. Mmea wenyewe uliota hata hapa, nyuma ya vibanda vya wavuvi. Akachuma kapu zima, akatwanga, akafanya kama alivyolelewa. Alichimba mifereji kati ya matuta, akaijaza maji, akamwaga utupa humo. Kwake utupa ulikuwa kitu cha kulewesha maji, na kilichoko majini kikalewa pamoja nayo. Alikaa siku mbili akitazama mifereji, na chawa wakabaki palepale majanini.

"Umevua wangapi?" Sudi akamtania.

Hakucheka. Alikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilimwendea mama yake, kwa nini alikufa kabla ya kumfundisha yote. Siku ya tatu aliinama kung'oa mmea uliokwisha kujikunja, mkono ukasita. Kwenye shina palikuwa na alama nne safi, upana wa vidole. Ndipo alipokuwa ameushika juzi kuusogeza kando ya mfereji, mikono ikiwa bado imelowa utupa. Hapo chawa walikuwa wamekauka.

"Sudi, kuya uone," akaita. "Haitaki mayi ya chini. Inataka kugusa mududu mwenyewe."

Akatwanga tena, akaloweka chunguni hadi kesho yake, akachuja. Siku nne alipita shamba zima na kicha cha nyasi, akiinua kila jani na kulilowesha upande wa chini. Mgongo ulimuuma hata akawa anakula amesimama. Chungu alikisuuzia mbali na kijito, maana samaki hawakuwa na kosa.

Chawa walikauka. Sisimizi walizunguka siku moja hivi, wakaona hakuna cha kulamba, wakaenda zao. Theluthi ya mimea ilikuwa imeharibika, lakini iliyobaki ilitoa maua, kisha maganda, na mavuno yakajaa kapu moja dogo.

Sasa habari zikaenea kwamba mke wa Sudi ameyalisha maharagwe sumu ya samaki. Hakuna aliyethubutu kuyaonja. Hata Sudi akajikuta ghafla ana hamu ya ndizi. Mwanahamisi akachemsha bakuli moja, mchana kweupe, akala mlangoni polepole huku wapita njia wakichungulia. Yaliyobaki, kwa kuwa hayakuwa na mlaji, aliyarudisha yote kibuyuni yawe mbegu, na moyoni akawashukuru waoga.

Kesho yake Bi Halima alikuja na kibakuli. Alimtazama juu hadi chini, akamkuta mzima.

"Yangu chawa wameyamaliza yote, mwanangu," akasema. "Nigawie kidogo nipande, na huo utupa unioneshe. Haya yenu yanaitwaje?"

Mwanahamisi akafungua kibuyu. Kwao yaliitwa maharagwe tu. Akamimina kiganja kimoja kibakulini, na jina ambalo hakulitamka tangu siku ya kamba likamtoka.

"Ni ya Wabiwa."

"Ndiye nani?"

"Njo mama alinizala."

Msimu uliofuata, akiwa shambani, alimsikia Bi Halima ng'ambo ya ua akimweleza mwanamke mwingine kwamba Wabiwa anataka tuta la juu, na kwamba mwaka huu Wabiwa ameota vizuri. Mwanahamisi akaweka jembe chini, akakaa kati ya matuta, akalia mpaka akatosheka.