Mashine ya mvuke, koki ya maji na mzee wa Olbalbal: yaliyotukuta Karatu miaka ya 80

Wakuu, heshima kwenu. Hiki si cha kusimuliwa, nilikiona kwa macho yangu haya, na sitii chumvi hata punje.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa karakana ya shamba moja la ngano huku Karatu. Mimi na Tluway, mume wa dada yangu, kazi yetu ilikuwa kuosha kombaini, zile mashine za kuvunia ngano, kwa mashine ya mvuke kabla ya mavuno. Grisi iliyogandamana na makapi ya ngano, ukiisugua kwa brashi unazeeka hapo hapo.

Nyie vijana mmezoea vimashine vyenu vya kuchomeka ukutani. Yetu ilikuwa na injini yenye kelele, pampu, na koili, yaani bomba la chuma lililozungushwa, inayochomwa kwa moto wa dizeli. Maji yanavutwa kutoka kwenye pipa, yanapita kwenye koili, yanatoka mvuke wa kukuchuna ngozi.

Sheria yake: moto ukiwaka, maji yasikatike. Na yakikatika, usiyarudishe mpaka chuma kipoe. Maji yakigusa koili nyekundu inapasuka kama bomu.

Siku hiyo nilikuwa juu ya kombaini na bomba la mvuke mkononi. Tluway yuko chini anachokonoa grisi. Kando ya pipa alikaa mzee wa Kimaasai, anasubiri lori la kumrudisha kijijini kwao Olbalbal, kwenye ukame.

Sasa koki ya pipa, ile inayopeleka maji kwenye mashine, ilikuwa inavuja. Mtu wa Olbalbal, anayeswaga ng'ombe kutwa kutafuta maji, akae tu aangalie maji yanamwagika chini? Mzee akainuka, akaifunga. Kwa wema kabisa!

Nikaona mvuke unakata, bomba linakoroma. Kugeuka, koili inaanza kuwa nyekundu na mpira wa bomba unanuka kuungua.

Tluway naye akaona koki imefungwa. Akaikimbilia, na pipa lenyewe liko ubavuni mwa mashine.

Nikapiga kelele, "Usifungueee!"

Wakuu, kwa makelele ya ile injini kilichomfikia ni "...fungueee!" Akanipungia mkono kwamba amesikia, akaenda kuishika koki.

Dada yangu alikuwa mjamzito. Niliruka kutoka juu nikijua namzika shemeji.

Kilichomchelewesha ni yule mzee. Aligoma! Kaing'ang'ania koki kwa mikono miwili, Tluway anavuta, mzee anamfokea, "Wewe kijana, maji hii unamwaga ya nini? Hapana!"

Nikafika. Nikakata dizeli, nikazima injini, nikawaburuta wote wawili mbali na pale. Tluway alitaka kunizaba kofi. Nilipomweleza akakaa chini akalia kabisa, mtu mzima na ndevu zake.

Mzee akatushangaa. "Sasa unalia nini? Maji yenu ipo yote, mimi nimewafungia."

Weee! Mpaka leo sijui nimlaumu yule mzee au nimshukuru.

Nilichojifunza: kwenye kazi ya kelele usianze amri na "usi". Sema "Acha!" basi. Mwanzo wa neno ukimezwa na injini, mtu anakwenda kufanya kile kile unachomkataza.

Mliofanya kazi viwandani na karakana, nyie mlikuwa mnaambizanaje? Tiririkeni. Tluway yupo hapa pembeni na mjukuu wake mapajani, ananiambia niwaulize.