Baba Mkwe na Sauti Yangu Redioni

Nilianza kuimba jazi katika klabu ya walowezi kule Nyansiongo, mwanzoni mwa miaka ya sitini, kwa Kiingereza ambacho nusu yake sikukielewa. Nilikariri maneno kutoka kwenye santuri, pamoja na kikohozi cha mwimbaji, nikidhani nacho ni sehemu ya wimbo. Wazungu walinisikiliza kidogo, wakaendelea kunywa. Nyumbani hakuna aliyenilaumu. Baba mkwe, mzee wa kanisa asiyeonja hata chai aliyoipanda mwenyewe, aliwaambia majirani kwamba mke wa mwanawe anawaimbia Wazungu nyimbo za kuwaaga. Uhuru ulipokuja wakaondoka kweli, na sifa zote nikapewa mimi.

Mashamba yakagawiwa watu wetu, klabu ikawa ghala la mahindi. Bendi yetu ikahamia ukumbi mmoja Nyamira mjini. Jumapili ya kwanza nikaimba wimbo wangu wa taratibu kuliko zote, macho nimefumba, mkono kifuani. Nilipofumbua, watu walikuwa wameketi kimya kama wako matangani, na mama mmoja ananiletea maji.

"Pole, mama," akaniambia. "Umefiwa na nani?"

Mpiga saksafoni akasema basi, jazi imetushinda, tupige muziki wa kuchezeka. Nilinuna wee! Nilijiona msanii, bwana. Nilipochoka kununa nikatunga wimbo kwa lugha yetu ya Ekegusii, juu ya mwanamke anayembembeleza mumewe asogee karibu kwa sababu blanketi ni fupi. Magita yakauchangamkia, tukaurekodi, na redio ikaupenda kupita kiasi.

Hapo ndipo balaa ilipoanza. Kwetu Gusii kuna chinsoni, ile adabu ya kuoneana haya: mke wa mwana na baba mkwe hawashikani mikono, na neno la mapenzi halitamkwi mmoja akiwa mbele ya mwenzake. Redio ya pekee pale kijijini ilikuwa ya baba mkwe. Siku ya kwanza niliposikika ndani yake nikidai blanketi, mzee alisimama, akachukua kofia na kutoka nje ya nyumba yake mwenyewe, akaniachia sebule nzima. Kuizima hakuweza. Ingebidi ainyoshee mkono, na mke wa mwana haguswi.

Wimbo ukapigwa karibu kila alasiri. Kila alasiri mzee akawa migombani, mvua inyeshe isinyeshe, hadi akashikwa na mafua. Wapita njia walijua kipindi cha salamu kimeanza kwa kumwona amesimama na mwavuli.

Hatimaye akatuita. Njiani mume wangu aliniambia wazi, "Akisema uache, utaacha. Mimi siwezi kubishana na mzee."

Nilimkasirikia, kisha nikaogopa. Kulima nilijua, kukamua nilijua, lakini kuimba ndiko kulikonifurahisha, na sasa kulikuwa mikononi mwa mtu ambaye sikuruhusiwa hata kumtazama usoni. Yeye alikaa migombani, mimi jikoni nyuma ya mlango, na mama mkwe akawa wa kubeba maneno huku na huku, akihema na kulalamika kwamba yeye si posta.

Safari ya mwisho alikawia sana. Alirudi akifuta jasho kwa leso.

"Mwanangu, mzee anasema huko kwa migomba ubeti wa mwisho hausikiki."

"Sasa anataka nini? Niache?"

"Uache nini? Anauliza, huyo bwana alisogea ama hakusogea?"

Nilicheka huku machozi yananitoka. Nikauimba ubeti wa mwisho pale pale jikoni, mlango umefungwa, kwa nguvu zangu zote, kuku wakatawanyika. Alisogea, jamani, alisogea! Nilipomaliza nikasikia kutoka migombani mzee akicheka peke yake. Sikuwahi kumsikia akicheka tangu niolewe pale.