Siku Nilipowapungia Mkono Watu wa Omurushaka

Nikianza kusimulia hili mke wangu hutoka nje, si kwa hasira, ni kwa aibu anayonibebea, maana mimi mwenyewe imeshanizoea. Ukifika stendi ya Kayanga ukaulizia Deo wa Nyaishozi utaulizwa Deo yupi, lakini ukisema Zimamoto utaletwa mpaka mlangoni kwangu, na kama hukusimuliwa kisa changu njiani, basi dereva wako wa bodaboda ni mgeni.

Chanzo ni gari la dada yangu Koku. Dada ni muuguzi Mwanza, na alipobakiza miaka miwili astaafu alinunua kwa watalii gari moja refu, kichwa mbele, chumba kizima nyuma, ndani kuna kitanda, jiko la gesi, friji, sinki na choo (mama alipooneshwa choo aliuliza mara mbili kama kweli ni humo humo wanamopikia). Mwanza hakuwa na pa kuliweka, akalileta kwangu, tukaliegesha kando ya migomba. Kabla hajaondoka akaniita pembeni.

"Deo, ile nyumba niliyomwachia binamu unajua iliishia wapi. Hili ndilo nitakaloishi nikirudi nyumbani. Nikilikuta limeoza nitajua hapa sina mtu, nitazeekea huko huko Mwanza."

Halafu akanipa karatasi yenye maagizo tisa.

Yale maneno yaliniingia, sikudanganyi. Nikaapa kwamba dada atarudi nyumbani, na kama kinachomrudisha ni gari, basi gari nitalilea. Betri nilikuwa naichomoa waya na kuichaji kila mwezi. Maji yote niliyatoa kwenye matanki nikayamwaga, safi na machafu. Friji niliisugua nikauacha mlango wake wazi kwa kuukingia kijiti. Kila Jumamosi nawasha injini, nalisogeza hatua chache mbele, Jumamosi nyingine hatua chache nyuma, ili tairi zisibonyee upande mmoja, mpaka majirani wakasema wenzake wanafuga ng'ombe, Deo anafuga gari. Chakula ndani marufuku kwa sababu ya panya, na mke wangu alipoomba aweke gunia moja tu la maharage nilimnyima, tukanuniana siku mbili. Jogoo alipoanza kupigana na sura yake kwenye vioo vya pembeni, vioo nikavivisha viroba.

Adui aliyenishinda ni ukungu. Mvua zilipokolea ulianza kwenye kona ya kitanda, nikaufuta, ukarudi, nikafungua madirisha kila palipotoka jua, ukarudi, nikaufuta kwa limau, ukarudi na ndugu zake. Na dada alikuwa ameshapiga simu kwamba anakuja Jumapili kuliangalia gari lake.

Mama alinitazama ninavyohangaika, akasema, "Mwanangu, nyumba isiyowashwa moto hufa. Sisi nyumba tulizilinda kwa moshi."

Nikaichukua karatasi nikaisoma tena kuanzia juu hadi chini. Hakuna agizo hata moja lililotaja moshi, nikaona basi halijakatazwa (hapo ndipo mtu mwenye akili angempigia dada simu). Ijumaa asubuhi nikachukua chungu cha mama, nikatia makaa, juu yake majani mabichi ya mkaratusi, nikakiketisha ndani ya sinki kisianguke, nikafungua kidirisha cha paani, nikatoka nje kungoja. Moshi ulikuwa kidogo tu, wa adabu.

Simu ikalia. Dada.

"Nimepata usafiri mapema, niko stendi Kayanga. Njoo unichukue na gari langu, nione kama linatembea."

Nilikimbia kama niliyeitwa na mkuu wa wilaya. Shati jeupe, viatu, nikabamiza mlango wa nyuma, nikarudisha waya wa betri, nikapanda mbele, na injini ikaitika mara moja tu, jamani, mara moja, baada ya miezi yote ile ya kulilea, na furaha ile ndiyo iliyokifuta chungu kichwani mwangu. Viroba kwenye vioo niliviona, nikasema nitavitoa nikifika. Na kwa kuwa kichwa cha gari na chumba cha nyuma vina ukuta katikati, sikunusa kitu.

Sasa upepo wa safari ukawa unavuvia makaa, na majani yakafanya kazi yake. Mimi nilichokiona ni watu. Mama mmoja akatupa jembe akanipungia mikono yote miwili, nikampungia. Wanafunzi wakakimbia kando ya barabara wakipiga kelele, nikawapigia honi. Nikasema moyoni, leo wale walioniita mfuga gari wanaona matunda. Bodaboda wakaanza kunifuata wakipiga honi, kwanza wawili, baadaye sikuwa na hesabu, nikadhani wananisindikiza kama bwana harusi, nikapunguza mwendo ili msafara upendeze. Pale Omurushaka watu walitoka madukani. Niliwapungia kwa mkono uliolegea, kama wanavyofanya viongozi.

Nikaingia stendi ya Kayanga, nikashuka nikitabasamu, ndipo nikageuka nikaona gari linatoa moshi paani, kwenye madirisha na chini ya mlango.

"Waitu, ndugu yangu, toka hapo, linaungua!" mzee mmoja akanivuta shati.

Kabla sijafungua mdomo kijana alishapasua dirisha kwa jiwe, mama wa chai akarusha beseni lake la maji ya kuoshea vikombe, wenye magari wakaleta madumu, wengine mchanga. Dada Koku alikuwa amesimama mbele yangu, begi mkononi.

"Shikamoo dada," nikasema.

"Marahaba. Gari langu linaungua."

Moshi ulipopungua kijana mmoja akaingia, akatoka amekibeba chungu. Stendi nzima ikasogea kukitazama. Halafu yule mama wa chai akauliza kwa upole, "Baba, ulikuwa unachemsha nini?" na hapo kicheko kilichoanza, nadhani hakijaisha hadi leo.

Dada hakucheka. Tulirudi Nyaishozi, maji yakichuruzika nyuma, na mimi nilitamani aniseme tu yaishe. Niliumia sana, kwa sababu nilijua nimemrudisha dada Mwanza azeekee huko.

Siku tatu nilianika godoro na mito kwenye majamvi ya kahawa, nikageuza kila saa, nikatoa mchanga kwa brashi ya mswaki, nikaweka kioo kingine. Siku ya nne dada akachukua karatasi yake na kalamu, akazunguka gari peke yake. Betri, akaweka alama. Matanki, alama. Friji, tairi, panya, alama. Mwisho akainama kwenye ile kona ya kitanda, akapitisha kidole, akakinusa. Ukungu hakuna.

Akaandika kitu, akaikunja karatasi na ufunguo wa gari ndani yake, akanipa, akapanda basi la Mwanza. Nilisubiri apotee ndipo nikafungua. Chini ya maagizo tisa kulikuwa na la kumi: "Watu wakikupungia, simama kwanza uwaulize. Nikirudi nyumbani, chumba changu nakitaka upande wa migomba, usiwahamishe kuku wa hapo."

Sasa hivi najenga kibanda cha kulikinga gari na mvua, upande wa migomba. Na nikiwa barabarani mtu akininyooshea hata kidole kimoja, nasimama.