Nyumba Iliyopimwa kwa Futi Kamba

"Nimepima miili elfu nane na sijakosea hata mmoja. Nyumba ni nini? Nyumba ni gauni la watu sita!"

Shangazi aliyasema hayo akiwa amepanda juu ya kiti, mbele ya mkutano mzima wa chama cha mafundi cherehani wastaafu. Chama kilikuwa kimeachiwa karakana ya zamani ya kushonea sare, na wanachama walikuwa wakibishana waiuze au waigeuze makao ya pamoja ya wazee sita wa familia zao. Baada ya maneno ya Shangazi ubishi uliisha. Nani atabishana na mwanamke aliye juu ya kiti?

Alikuwa ameshona humo miaka thelathini na moja, kwa hiyo alijua jua linaingia dirisha gani na saa ngapi. Vyumba vya kulala akavipanga upande wa asubuhi, jiko la pamoja katikati. Maji ya mvua yakatoka paani kuingia kwenye tangi, yakafua nguo, kisha yakaenda kunywesha mboga. Ramani nilichora mimi, niliyesomea ujenzi hadi katikati ya stashahada. Vipimo, namshukuru Mungu, vilikuwa vyake.

Alivichukua kifundi. Wazee waliitwa mmoja mmoja, yeye futi kamba shingoni, pini mdomoni. "Simama wima. Tazama mbele. Usijikunje, mwalimu, hapa hatuchumi mchicha." Sakafuni hadi gotini, akapata kimo cha kitanda. Sakafuni hadi kwenye kiwiko, akapata meza ya jikoni na vile vyuma vya bafuni ambavyo mzee hushikilia ukutani asiteleze.

Mmoja wa wale sita alikuwa Baba Mkubwa, kaka yake Shangazi, seremala mstaafu ambaye msumeno ulikula kidole chake kidogo cha mkono wa kulia. Nyumba ilipokamilika, mwanawe alimleta na sharti moja.

"Mwezi mmoja, Shangazi. Akiweza kuoga mwenyewe, abaki. Asipoweza, nakuja kumchukua."

Kumchukua maana yake ghorofa ya nne, ngazi tupu, na mlango unaofungwa mchana kutwa watu wakiwa kazini. Baba Mkubwa aliwahi kukaa huko siku tano. "Nilikuwa naongea na friji," alituambia. "Afadhali lenyewe lilikuwa linanguruma kidogo."

Wiki ya tatu, mwalimu mstaafu alimvuta Shangazi pembeni. "Kaka yako haogi. Namsikia anakamua kitambaa chumbani. Anajipangusa tu."

Kumuuliza seremala habari za kuoga ni kutafuta ugomvi. Shangazi hakuuliza. Alisaga chaki yake ya kushonea, ile ya bluu, akaipaka kwenye kitasa cha mlango wa bafu.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Atakayefungua mlango atapata bluu. Akishapata bluu, ataniambia mwenyewe anashika wapi."

Kufikia saa sita mchana bafu lilikuwa limeandikwa. Viganja vya bluu vilikuwa ukutani, kwenye ukingo wa sinki, hata juu ya bomba. Kwenye vyuma? Alama mbili tu, zote za dereva mstaafu, ambaye ni mrefu kama nguzo ya umeme. Shangazi akapiga magoti, akavuta futi kamba.

"Shibiri nzima chini ya chuma," akasema. "Wengine wote. Kwa nini?"

Aliuuliza ukuta, si mimi. Kisha akaona alama nyingine kwenye fremu ya mlango, ya vidole vinne. Baada ya hapo, ndani, hapakuwa na alama nyingine kama hiyo. Mwenye vidole vinne aliingia, akatazama, akatoka.

Tulimkuta amekaa kitandani.

"Kaka, umeingia bafuni ukatoka."

"Nani kasema?"

"Ukuta."

Baba Mkubwa akatazama kiganja chake, akacheka hadi akakohoa. "Chuma chako kiko juu, mdogo wangu. Nikikishika, bega linaniua. Nikikiachia, naanguka."

"Lakini si nilikupima?"

"Ulinipima nimesimama wima! Fundi akiniambia nisimame wima, nisimameje, kama kiroba? Nilibana pumzi, nikajinyoosha. Sote tulijinyoosha. Mimi sijasimama vile tangu nistaafu."

"Na ukanyamaza?"

"Ulipanda kitini ukataja elfu nane mbele za watu. Nikuaibishe mimi, kaka yako?"

Shangazi alikaa pembeni yake akikunjakunja futi kamba. "Gauni likizidi nakunja pindo," akasema. "Ukuta nitaukunjaje?"

"Kwa bisibisi," akasema seremala.

Kesho yake alipima upya, kabla ya chai, watu wakiwa na kandambili. Hakumwambia mtu asimame wima. Aliwapima wakiinuka kitandani, wakiinama kufungua bomba.

"Hata nywele sijachana!" mwalimu akalalamika.

"Sipimi nywele, mwalimu."

Hakuna namba iliyofanana na ya kwanza. Shangazi aliwaita wanachama, na safari hii alisimama chini. "Nilipima watu wanaokwenda harusini," akawaambia. "Wanaoishi humu ni wengine."

Vyuma vilishushwa kwa siku mbili, mimi nikitoboa, Baba Mkubwa akisimamia. "Stashahada nusu," alinifokea, "na skrubu nazo unakaza nusu?" Matundu ya zamani Shangazi hakuyaziba. Alitia vigingi vya mbao, yakawa ya kutundikia taulo.

Siku ya thelathini, asubuhi, mwana wa Baba Mkubwa alifika na pikapu ya kukodi, dereva wake, na kamba ya kufungia kitanda. Chumba cha baba yake kilikuwa kitupu. Akafuata sauti ya maji hadi mlango wa bafu.

"Baba?"

"Subiri, naoga."

Akasubiri, kamba mkononi. Shangazi alisimama kando yangu, futi kamba shingoni. Bomba likafungwa. Chuma kikalia kidogo, kama kiti kinapokaliwa. Nyayo zikaburuzika polepole, mlango ukafunguka, na Baba Mkubwa akatoka ananukia sabuni.

"Na wewe umekuja kuoga?" akamuuliza mwanawe. "Haya, zamu yako."

Pikapu ilirudi na kamba tu. Kuikodi kwa asubuhi moja ni shilingi elfu thelathini na tano.