Usingizi wa Limi wa Mwakitolyo

Mvua iliyoshuka Mwakitolyo mwezi wa tatu haikubagua. Ilizoa marudio ya kila mtu, yaani ule mchanga uliokwisha kuoshwa ambao watu huulimbikiza wakiamini bado umeficha dhahabu, ikaupeleka bondeni. Chacha wa kutoka Tarime, msimamizi wa duara, shimo la kuchimbia dhahabu, aliibamiza redio yake chini ikavunjika. Wengine walilia. Limi Mabula, mjane wa miaka hamsini na kitu, mponda mawe, alitazama mahali rundo lake lilipokuwa, akasema, "Haya." Akasonga ugali, akala, akalala mpaka jogoo wa jirani alipomwamsha.

Hapo ndipo kesi yake ilipoanza. Machimboni mtu husamehewa ulevi, uongo, hata siasa. Kulala fofofo siku ya hasara ni jambo jingine.

"Mtu wa kawaida analala vile?" Chacha aliuliza kwenye banda la Salome, mama lishe.

"Labda alichoka."

"Sisi hatukuchoka?"

"Wewe ulichoka kwa kupigana na redio."

Wiki hiyohiyo muuguzi Hosiana alikuja kupima watu presha. Ya Chacha ilimfanya amwambie kwanza akae chini. Ya Limi ilikuwa kama ya msichana.

"Mayu, kuna dawa unatumia?" Hosiana alimuuliza, akimwita mama kwa Kisukuma.

Foleni nzima ililisikia swali. Jibu, kwamba hakuna, halikumvutia mtu.

Jioni Chacha alijibanza nyuma ya karasha, mashine ya kusagia mawe, akamchungulia. Limi alikuwa amewasha moto mlangoni kwake, anauchochea kwa kijiti, anazungumza Kisukuma peke yake. Alinyamaza kidogo kama anayejibiwa, akaitikia kwa kichwa. Kisukuma cha Chacha kiliishia kwenye salamu na bei ya nyama, lakini aliona ameelewa vya kutosha.

Shauri likafika kwa sungusungu, walinzi wa jadi. Adhabu yao ni kutengwa: hakuna wa kukusalimia, kukuuzia chumvi wala kukupa kaa la moto, mpaka uhame mwenyewe. Na mwanamke aliyehama kwa tuhuma ya uchawi haendi mbali kabla tuhuma haijamtangulia. Wapo waliokutana na makubwa kuliko kutengwa. Kila mtu alilijua hilo, ndiyo maana hakuna aliyelitaja.

"Limi," alianza Donatus, mfugaji aliyekuwa mtemi wa sungusungu, "jioni unaongea na nani?"

"Na baba yangu."

"Baba yako yuko wapi?"

"Tulimzika Kagongwa."

Salome alifumba macho. Limi angekuwa na wakili, wakili angeaga.

"Nimalizie basi," Limi alisema.

Baba yake, Mabula, alizaa wasichana watupu. Kaya nyingine jioni wanaume na wavulana walikaa shikome, kwenye moto wa uani, wakala na kufundishana. Mabula aliwakalisha binti zake hapo, maana, alisema, hakukusudia kuzeeka akiongea na ng'ombe. Sheria ilikuwa moja: aliyeshika kijiti cha kuchochea anaeleza kilichomuuma siku hiyo na kilichompendeza, na hakuna wa kumkatiza wala kumkaripia. Mwishoni baba husema, "Nimesikia." Alisikia habari za mwalimu wa fimbo, za ndama aliyekufa, za mwaka wa njaa, za mama yao alipougua asipone. Njaa hakuiondoa. Mama hakumrudisha.

"Lakini tulikuwa tunalala," Limi alisema. "Mpaka leo nikishasema, nalala. Kama hilo ni kosa, aliyenifundisha ni yeye."

Hosiana aliitwa atoe ushahidi. Alisema mafunzoni waliambiwa kwamba mtoto aliyepata mtu mzima wa kumsikiliza, na nyumba asiyoiogopa, mara nyingi hufaidika hata ukubwani, moyo na mwili. Si kinga, na wapo waliopata hayo wakaugua vilevile. Kikao hakikupendezwa. Mganga hasemi "mara nyingi".

"Kwa hiyo dawa yake ni moto?" Donatus aliuliza.

"Ni baba, mzee."

"Na sisi tusiokuwa naye tukamnunue wapi?" mtu alidakia kutoka nyuma, watu wakacheka.

Chacha hakucheka. "Hadithi hizo. Kwetu ukimwambia mzee kilichokuuma, anakuongezea kingine."

Uamuzi ukawa wa kikao: si huku wala kule. Limi awashe moto wake wazi, kando ya banda la Salome, na mlinzi akae naye kila jioni hadi mwisho wa mwezi. Dawa ikionekana, ahame. Mlinzi awe mlalamikaji.

Chacha alikaa na panga magotini. Aliagiza Limi aseme Kiswahili, serikali isikie. Limi akatii: jiwe limemng'oa ukucha; Salome amempa kichwa cha samaki. Kisha akamnyooshea kijiti.

"Mimi ni mlinzi," Chacha alisema.

"Basi chochea tu, unazimika."

Alichochea. Ilikuwa hivyo jioni kadhaa, mmoja akisema, mwingine akishuku. Jioni moja, akiwa ameinamia makaa, Chacha alisema redio ile ilikuwa ya mdogo wake, aliyefukiwa na shimo kule Geita. Ndicho kitu pekee cha marehemu alicholetewa.

Limi hakumpa pole wala mawaidha. "Nimesikia," alisema.

Mwezi ulipoisha, kikao kilitaka taarifa.

"Umeona dawa?" Donatus aliuliza.

"Sijaona."

"Kwa hiyo tumwache mama wa watu?"

Chacha alikuna kidevu. Alikuwa amenenepa kidogo. "Abaki. Lakini bado namshuku. Ulinzi uendelee."

"Mpaka lini?"

"Mpaka niridhike. Na mlinzi asibadilishwe."

Limi alikwisha kunyanyuka, mawe yalikuwa yanamsubiri. Donatus aliuliza kama yupo mwenye pingamizi. Hakuwapo, ila watu wawili wa nyuma walitaka kujua kama mlinzi mmoja anatosha.