Mafuta ya Lusungu

Lusungu wa Ikuti aliungua shingo mwaka 1998, koroboi ilipolipuka jikoni. Kidonda kilipona, lakini kovu likawa gumu kama gome la mti, likamvuta kidevu mpaka begani. Hakuweza tena kujitwika mkungu wa ndizi. Dada yake mkubwa, Elina, muuza mitumba wa mtaa wa Bagamoyo pale Tukuyu, ndiye aliyekuwa akipanda Ikuti kila siku ya gulio kumbebea.

Mwaka 2005 madaktari wageni walifika katika hospitali moja ya mjini. Nesi Doreen alitafsiri: wangenyonya mafuta kidogo tumboni kwa Lusungu mwenyewe na kuyaingiza chini ya kovu, ngozi ilainike, shingo igeuke. Daktari akamfinya tumbo, akamfinya na paja. Akapata ngozi tu.

"Chukueni kwangu," Elina akasema, akijipiga kiunoni. "Hapa mtajaza ndoo, na mimi mtakuwa mmenitua mzigo."

Wote wakacheka. Doreen akaeleza kwamba mwili hukataa mafuta ya mtu mwingine, hata ya dada. Lusungu anenepe kwanza. Wao wangerudi mwezi wa tisa.

Asajile, mume wa Lusungu, alikuwa na ng'ombe mmoja. Miaka ile maziwa yote yalikuwa yakienda kwa wanunuzi wa Kiwira. Asajile akawaambia wapite tu. Lusungu akanywa asubuhi na jioni, akala na mbalaga, ndizi zetu za kupika, zilizoungwa kwa maziwa. Kufikia Julai gauni la kanisani lilimbana.

Elina akamfinya ubavuni. "Mdogo wangu, sasa una kitu cha kuchukuliwa."

Mwezi wa nane baba yake Asajile akafariki. Kwetu mtoto wa kiume hupeleka ng'ombe kwenye msiba wa baba yake. Asajile alisimama mlangoni mwa zizi. Lusungu ndiye aliyefungua kamba.

"Ningekataa, dada, ningeishi na nani hapa?" alimwambia Elina.

Ng'ombe alipochinjwa, Elina akamwekea kipande chenye mafuta. "Kula. Ni yako haya."

Lusungu hakukigusa. Misiba mingine miwili ilifuata kijijini. Akapika, akachota maji, akalala chini na wafiwa. Gauni la kanisani likamlegea tena.

Mwezi wa tisa daktari akamfinya tena. Lusungu hakungoja tafsiri, alimwona akitikisa kichwa.

"Muulize watarudi lini," akamwambia Doreen.

Doreen akauliza. Daktari hakujua.

Nje, Elina alijitwika furushi lake, kisha akainama akachukua na la mdogo wake.