Nukta Niliyoipima kwa Mstari Mmoja

Bado naikumbuka siku ile, mwanangu, Mwalimu Kulwa aliponiita ubaoni, shuleni kwetu karibu na Dutwa. Alitaka nitafute mahali mistari miwili inapokatana: y = 2x + 1 na y = 7 − x. Nikaandika x ni 3, y ni 7. Nikaijaribu kwenye mstari wa kwanza, ikakubali. Nikageuka kifua mbele, maana Minza, binti wa kijiji cha Ngulyati niliyempenda kimyakimya, alikaa dawati la mbele.

"Na mstari wa pili umeuuliza?" mwalimu akasema.

Nikaweka 3, jibu likaja 4.

"Hiyo nukta ni ya kwako peke yako, Maduhu. Weka x sifuri kwanza, uone kila mstari unakata wapi mhimili wa y. Huu unaanzia moja, ule saba. Hujui mwenzio anakoanzia, utakutana naye wapi?"

Minza alicheka mpaka akajifunika uso kwa daftari. Jioni tukikokota baiskeli, akanionyesha: x mbili, y tano, na mistari yote miwili inakubali. Hesabu nikaielewa siku hiyohiyo.

Nilipopata chuo, nikapanga kimoyomoyo kwamba nikimaliza nitatuma wazee kwao, tuoane. Minza sikumwambia. Niliona aibu, tena nilijua atakubali. Nilijuaje? Hata leo sijui.

Miaka miwili baadaye nilishuka basi pale Dutwa, nikamkuta stendi, mtoto mgongoni. Alikuwa ameolewa Kimali, huko Meatu.

"Mwangaluka, Maduhu," akanisalimu.

Salamu yenyewe sikuitikia. "Minza, mimi nilishapanga tuoane."

"Ulipanga na nani?" Machozi yakamlenga. "Nilikungoja useme."

Basi lake likapiga honi, akapanda. Sijamwona tena.

Nimeoa, nina wajukuu, namshukuru Mungu. Lakini juzi mjukuu wangu alipofungua daftari lake na kuchora grafu mezani, nilimkumbuka Minza mpaka chai ikapoa mbele yangu.

Ninachokuusia ni hiki, mwanangu: ukipenda, sema. Jambo la watu wawili usilipime kwa mstari wako tu. Muulize mwenzio ameanzia wapi na anataka kufika wapi, hata kama sauti itakutetemeka. Mungu akupe ujasiri wa kufungua mdomo mapema, na siku utakapoufungua, umkute bado anakungoja.